Maswali na majibu: askari wa sanamu na wakubwa wapya wa kampuni

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinauliza kitu kimoja kwa sura tofauti: kampuni kongwe ya askari wa sanamu ikibadilisha uongozi, sisi wakusanyaji tunabaki wapi? Nitajibu kwa kuitazama Britains ya London, maana imepita mikono mingi na kila mkono umeacha alama.

Kampuni ikiuzwa, niuze mkusanyiko wangu kabla bei haijaanguka? (Msomaji, Mombasa)

Usiuze. Askari wa risasi (ile metali laini ya kijivu, si ya bunduki) aliyetengenezwa kabla ya 1966 haguswi na uamuzi wa mkurugenzi wa leo. Bei yake inategemea rangi yake ya asili, boksi lake jekundu, na kama shingo na bunduki bado nzima. Anayebaki na wasiwasi ni yule anayenunua matoleo mapya.

Familia ya Britain iliondoka lini? (Msomaji, Dar es Salaam)

William Britain alianza kutengeneza vinyago London mwaka 1845. Lakini askari tunaowapenda ni kazi ya mwanawe, William mdogo, mwaka 1893. Wakati ule Wajerumani walikuwa wameshika soko kwa askari wa risasi walioshiba ndani, wazito na wa bei. Yeye alimimina risasi iliyoyeyuka ndani ya kalibu, akasubiri kidogo tu ngozi nyembamba igande ukutani, kisha akaigeuza kalibu na kumwaga iliyobaki. Akatoka askari mwenye uwazi ndani, mwepesi, wa bei nafuu. Ukimshika wa zamani, mtazame kichwani: mara nyingi utaona kitundu kidogo ambapo risasi ilitokea.

Familia iliachia kampuni mwaka 1984, ikanunuliwa na Dobson Park. Mwaka 1997 ikaingia mikononi mwa Ertl wa Marekani, na mwaka 2005 upande wa askari, wenye jina la W. Britain, ukachukuliwa na First Gear, nao wa Marekani.

Mimi hata hivyo naona badiliko kubwa lilitokea familia ikiwa bado ndani. Miaka ya 1950 Britains iliichukua Herald, kampuni ndogo ya askari wa plastiki, na pamoja nayo akaja mchongaji Roy Selwyn-Smith. Mchongaji huyo baadaye alipanda mpaka kuwa mkurugenzi mtendaji. Risasi iliachwa mwaka 1966, kwa sababu ya sumu yake kwa watoto, na kampuni haikufa, kwa kuwa watu wanaojua umbo la mwili wa askari walikuwa na sauti mezani. Kampuni inayompa mchongaji cheo naiamini kuliko inayoleta mtu wa mahesabu peke yake.

Mkubwa mpya akiingia, niangalie nini? (Msomaji, Muscat)

Kwanza, wachongaji wamebaki au wameondoka? Wakiondoka, ndani ya muda mfupi utaona nyuso zinafanana na mikono imekuwa minene. Pili, mifano ya asili na kalibu ziko kwa nani? Jina huuzwa kirahisi. Kalibu zikipotea, hazirudi. Tatu, safu zilizoanzwa, yaani sanamu za kikosi kimoja zinazotolewa kidogo kidogo, zinamaliziwa? Hili linaniuma, kwa sababu mkusanyaji aliyenunua maofisa na mpiga ngoma akisubiri kikosi kifuate anabaki na gwaride lisilo na watu. Safu ikitangazwa wakati wa mabadiliko, subiri vipande vya kati vitoke ndipo uanze kulipa.

Trekta za Britains na askari wa W. Britain ni kampuni moja? (Msomaji, Nakuru)

Zilikuwa moja, mpaka mauzo yale ya 2005. Trekta na wanyama wa shamba sasa ni mali ya Tomy. Usimpelekee mmoja malalamiko ya mwenzake.

Babu yangu alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki). Ni kweli walitengeneza sanamu za kikosi chake? (Msomaji, Nairobi)

Kweli kabisa. Ni seti namba 225: askari wenye tarbushi nyekundu, bunduki begani, wakitembea. Ukiipata mnadani, kagua mikono kwanza, kisha usiihifadhi kwenye kabati la mti wa mwaloni, kwani asidi yake huila risasi ikageuka unga wa kijivu. Watoto wasiiguse.

Lakini seti ile ni ya gwaride. Babu zetu wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walishuka bonde la Kabaw, Burma, mwaka 1944, kwenye tope la masika, na wanastahili kuchongwa hivyo: kofia za msituni, viatu vilivyolowa, mizigo mgongoni. Kila uongozi mpya unapoingia huwa unatafuta mawazo ya safu mpya. Waandikie sasa, na kama una picha ya babu akiwa na sare, weka nakala ndani ya barua.