Mto hauishi kwenye wastani: kwa unayeanza kazi ya vipimo vya maji

Wiki yako ya kwanza utakabidhiwa jedwali refu: tarehe, kina cha maji, mtiririko kwa mita za ujazo kwa sekunde. Miaka 40 ya namba. Mkubwa wako atauliza, "Wastani ni ngapi?" nawe utaupata kwa kubofya mara moja. Jibu litakuwa sahihi kihesabu na bado litakupoteza. Katika miaka hiyo 40 huenda usipate hata mitano iliyoukaribia wastani huo.

Anza na mvua, maana hapo ndipo tunapokosea sote. Wengi huingia kazini wakiamini mvua ikipungua asilimia 10, mto nao hupungua asilimia 10. Chukua karatasi. Bonde linapata milimita 800 za mvua kwa mwaka. Jua na mimea vinakula 700. Mtoni zinafika 100. Mwaka unaofuata mvua ni 720. Mimea haitakubali kubaki na kiu ili mto ushibe, kwa hiyo jua na mimea vitachukua, tuseme, 650. Zimebaki 70. Mvua imepungua kwa asilimia 10, mto kwa asilimia 30. Namba hizi nimezitunga ili zigawanyike vizuri, lakini tabia yenyewe ni ya kweli, na mabonde makavu ndiyo yenye tabia hiyo kali zaidi. Kusini-magharibi mwa Australia mvua imeshuka kwa takriban asilimia 15 hadi 20 tangu miaka ya 1970. Maji yanayoingia kwenye mabwawa ya Perth yalipungua kwa zaidi ya nusu. Joto likiongezeka, mgawo wa jua unakua hata kama mvua haijabadilika.

Kisha angalia kama jedwali lako lina mto mmoja au miwili. Sitanii. Mwishoni mwa 1961 Afrika Mashariki ilipata mvua zisizo za kawaida, na kufikia 1964 Ziwa Victoria lilikuwa limepanda kwa zaidi ya mita 2. Maji yaliyotoka Jinja kuingia Nile katika miongo iliyofuata yalikuwa karibu mara mbili ya yale ya miongo ya kabla. Ukichanganya vipindi hivyo viwili unapata wastani wa mto ambao hakuna aliyewahi kuuona. Harold Edwin Hurst, Mwingereza aliyefanya kazi Misri kwa miongo mingi, alichambua kumbukumbu za Nile zilizopimwa kwenye kisiwa cha Roda, Cairo, tangu karne ya 7, akaonyesha mwaka 1951 kwamba miaka ya maji mengi hupenda kuandamana, na ya ukame vivyo hivyo. Ndiyo maana rekodi ya miaka 20 inaweza kukudanganya kwa uso mkavu. Waliogawana Mto Colorado wa Marekani mwaka 1922 walitegemea rekodi fupi iliyoangukia kipindi cha neema. Wakagawana kwenye karatasi maji mengi kuliko mto unavyoleta, na ugomvi wa hesabu ile haujaisha.

Neno El Niño, yaani Bahari ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida, nalo litumie kwa adabu. Watu hulitaja wakimaanisha mafuriko. Kweli, mvua za vuli Afrika Mashariki huelekea kuwa nyingi, lakini kusini mwa Afrika El Niño hiyohiyo huleta ukame: mwanzoni mwa 2016 Ziwa Kariba lilibakiwa na takriban asilimia 12 tu ya maji yanayoweza kuzalisha umeme. Na mwaka 2019 Afrika Mashariki ilifurika bila El Niño yenye nguvu, kwa sababu Bahari ya Hindi upande wa magharibi ilikuwa na joto kuliko kawaida. Fuatilia bahari zote mbili.

Sasa kosa langu mwenyewe. Nilichora mchoro wa mto mmoja uliokuwa mzuri mpaka mwaka wa mafuriko makubwa, kisha ukashuka na kubaki chini. Nikaandika kurasa tisa juu ya mabadiliko ya tabianchi. Kabla sijawasilisha, nilikwenda kituoni kutafuta picha ya jalada. Mzee anayesoma ubao wa kupimia kina asubuhi na jioni nilimkuta ukingoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kuutazama ubao?"

"Nimekuja kupiga picha tu."

"Huu siyo ule wa zamani. Ule ulikwenda na mafuriko. Huu tuliufunga juu kidogo, kwenye mwamba, usije ukaondoka tena."

"Juu kidogo" ilikuwa sentimita 38. Hakuna aliyeulinganisha na alama ya kudumu ya kimo. Mto haukuwa umepungua. Sifuri ya ubao ndiyo iliyopanda. Na dalili ilikuwepo kwenye jedwali muda wote: kina kilishuka kwa karibu kiasi kilekile kiangazi na msimu wa mvua. Ukame haukati sentimita zilezile kila mwezi kama makato ya mshahara.

Tangu siku hiyo siligusi jedwali kabla sijauliza kituo kilihamishwa lini, nani alikisoma, na kama mtiririko wa juu kabisa uliwahi kupimwa kweli au ni ule mstari wa kubadili kina kuwa mtiririko, uliorefushwa kwa rula. Mara nyingi ni rula. Watu hupima mto ukiwa na mita 2. Ukifika mita 5 hakuna anayeingia.

Pia ondoa mikono ya watu kabla hujaisingizia hali ya hewa. Kama kituo kina kifaa kinachorekodi kila saa, tazama kiangazi. Mtiririko ukishuka mchana na kurudi usiku, kuna pampu huko juu, au miti ya ukingoni inakunywa. Ukipanda pia siku ambazo watu wanapumzika, siyo miti.

Kwenye ripoti wastani uweke, lakini usiuache peke yake. Hesabu mwaka kuanzia pale mto unapokuwa chini kabisa, siyo lazima Januari, usije ukakata msimu mmoja wa mvua vipande viwili. Panga mitiririko ya siku zote kutoka mkubwa hadi mdogo, utafute ule unaofikiwa au kuzidiwa katika asilimia 95 ya siku. Huo ndio watu wanaoutegemea mwishoni mwa kiangazi. Mtumiaji wa maji hatakuuliza wastani. Atauliza kama mwezi ule wa mwisho bomba lake litafika majini, nawe utaweza kumjibu: katika miaka 10 iliyopita mara 3 halikufika, na 2 kati ya hizo zilifuatana.