Mnaoanza kuingiza wagonjwa bwawani, pitieni hapa kwanza
Wadogo zangu mlioanza fiziotherapia ya majini, nawaona mnavyofurahi pale mgonjwa aliyekuwa anaburuta mguu anapoingia kwenye maji na kuanza kupiga hatua, na kweli inafurahisha, ila naomba hili mlishike mapema: maji ni dawa yenye dozi. Dozi yenyewe ni kina, joto na kasi, na wewe ndo unayeipima.

Kina ndo wengi wanabahatisha. Mtu akisimama maji yakamfika usawa wa nyonga, miguu inabeba kama nusu ya uzito wake, yakifika chini kidogo ya kifua inabaki kama theluthi, yakifika shingoni ni kama asilimia 10 tu. Kwa hiyo yule aliyevunjika nyonga na daktari kasema asikanyagie uzito wote, usimwambie tu ingia, angalia maji yanamfika wapi mwilini, maana mrefu na mfupi wakisimama sehemu moja ya bwawa hawapati dozi moja. Afu hesabu hizo ni za mtu aliyesimama tuli, akianza kutembea mzigo mguuni unapanda, akiongeza mwendo unapanda zaidi.

Kasi nayo inadanganya. Ukiongeza kasi ya mkono mara mbili, maji yanakukazia karibu mara nne. Mwenye bega bovu mwanzishe polepole, kiganja kikiwa kimelala ubavu kinakata maji, bega likizoea mwambie ageuze kiganja kisukume maji, zoezi ni lilelile lakini limeshakuwa zito bila kumuongezea kifaa chochote. Na muangalieni usoni, sio miguuni, kwa sababu maji yanapinda picha, goti linaweza kuingia ndani wewe ukaona limenyooka. Ukitaka kujua goti linafanya nini weka mkono wako uliguse.

Joto la tiba kwa kawaida linacheza nyuzi 33 hadi 36. Linalegeza misuli, maumivu yanapoa. Lakini mgonjwa wa multipo sklerosisi, ule ugonjwa unaoharibu neva za ubongo na uti wa mgongo, akipata joto dalili zake nyingi zinapanda, huyo anataka maji ya baridi kiasi, mara nyingi chini ya nyuzi 30, kwa hiyo kabla ya kumleta bwawani soma faili lake.

Kuna jambo moja mi nalisisitiza kila nikipata nafasi, mgandamizo wa maji. Ndo unaopunguza uvimbe wa kifundo cha mguu, sawa, lakini damu hiyohiyo inasukumwa kwenda kifuani, mtu akizama hadi shingoni ni kama mililita 700 zinahama, na moyo lazima uzibebe. Moyo ulioshindwa kazi na haujatulia usiuingize majini. Mwenye pumzi fupi usimpeleke kina kirefu siku ya kwanza, kifua chake kinabanwa. Homa, kuharisha, kidonda kilicho wazi, kifafa kisichodhibitiwa, hao wote wasubiri, hata kama ndugu zake wanakusihi. Na kutoka majini ni hatari kuliko kuingia, mgandamizo unaondoka ghafla, presha inashuka, kizunguzungu. Mtoe taratibu, mkalishe, mpe maji ya kunywa maana bwawa linakojolesha na yeye hatasema ana kiu.

Kabla ya zoezi lolote mfundishe kusimama kutoka kwenye kuelea. Yaani akiwa amelala chali, kidevu kije kifuani, magoti yakunjwe, mikono inyooshwe mbele, ndipo miguu ishuke chini. Mguu uliopooza unaelea wenyewe na mtu anaona hawezi kuurudisha, hapo anapaniki, na aliyepaniki misuli yake yote inakaza, huna tiba tena siku hiyo. James McMillan alipoanza kazi yake Uingereza mwaka 1949 na wasichana wenye ulemavu, njia ya kuwafundisha wenye ulemavu kuogelea ambayo leo tunaiita Halliwick, kitu cha kwanza ilikuwa mtu ayazoee maji kichwani mwake, mambo mengine yakafuata. Mi naona alikuwa sahihi kabisa, kipindi kizima cha kupuliza mapovu na kuelea ukiwa umemshika sio muda uliopotea.

Nchi kavu ipangeni tangu siku ya kwanza, maana nyumbani kwake hamna maji ya kumbeba. Kadiri anavyopona mlete kina kifupi, kutoka kifuani kuja kiunoni, na kila alichoweza majini kijaribuni pia nje. Ukiona wiki zinapita yupo kina kilekile na kutoka hataki, anza na dakika chache za kutembea pembeni ya bwawa kabla hajaingia, sio baada, kwa sababu akishatoka misuli imechoka, mwili unamlemea, na atakwambia nje hawezi wakati anaweza.