Je, kutaja mambo mema kikundini kunasaidia mwenye huzuni?

SWALI: Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha VICOBA huku Kibosho, Moshi Vijijini. Siku hizi mwezeshaji wetu hutaka kila mwanachama, kabla ya kununua hisa, ataje mambo mema matatu ya wiki yake. Wengi wamelipenda zoezi hilo, lakini mwenzetu aliyefiwa na mumewe hukaa kimya, na juzi aliondoka akilia. Tuendelee?

JIBU: Endeleeni, mama, ila asilazimishwe mtu. Zoezi hilo linatokana na saikolojia chanya, yaani tawi la saikolojia linalochunguza yanayowapa watu furaha, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na Martin Seligman wa Marekani na wenzake, watu walioandika kila usiku kwa wiki moja mambo matatu yaliyowaendea vizuri, pamoja na sababu zake, walionekana kuwa na furaha zaidi hata miezi sita baadaye. Hizo sababu ndizo ambazo vikundi vingi huziruka. Anayesema tu kwamba ng'ombe wake amepona ametoa taarifa. Akieleza kwamba jirani ndiye aliyemkatia ng'ombe huyo majani siku zote yeye mwenyewe alipokuwa kitandani, amejikumbusha kuwa hayuko peke yake, na jirani huyo naye amesikia.

Jirani zetu Kenya wameujaribu mpango wa Shamiri kwa wanafunzi wa sekondari, ambapo vijana wasio wataalamu huongoza vikao vinne vya kikundi, shukrani ikiwemo, na matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha dalili za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) na wasiwasi zikipungua.

Mfiwa, hata hivyo, anahitaji kwanza kusikilizwa. Kusini mwa Uganda, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, wanavijiji wenye dalili za sonona walikutana kila wiki kwa wiki 16, wakizungumzia misiba na magomvi yao chini ya wenyeji waliopewa mafunzo. Waliokuwa na sonona walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5, ilhali kwa wasiohudhuria vikundi walibaki asilimia 54.7. Kwa maoni yangu, kumtaka mjane atabasamu ili kikao kisiharibike ni kumwongezea mzigo. Mtengeeni nafasi ya kumtaja marehemu kwa jina.

Iwapo kwa zaidi ya wiki mbili halali usingizi wala hali chakula vizuri, mmoja wenu amsindikize zahanati, ambako anaweza kupewa rufaa kwenda hospitali ya Mawenzi au KCMC. Akisema anatamani kufa, msisubiri hata siku moja. Nauli itoke kwenye mfuko wenu wa jamii.