Jibu: Kushinda na familia ya Kambodia

Umeuliza kama inafaa kukatisha ziara ya Angkor, eneo la mahekalu ya kale, ili ushinde na familia kijijini, na uende na nini mkononi. Nenda tu. Ila mahekalu uyawahi alfajiri: tiketi ya siku moja ni dola 37, na ikifika saa nne jua limeshakuwa kali. Ona Angkor Wat, pitia Bayon yenye nyuso za mawe, halafu tuktuk ikupeleke kijijini kabla ya chakula cha mchana.

Nyumba nyingi huko zimeinuliwa juu ya nguzo, na shughuli za mchana ziko chini yake: kuku, pikipiki, watoto, bibi anatwanga viungo kwenye kinu. Ukialikwa juu, vua viatu penye ngazi. Mkekani kunja miguu upande mmoja, nyayo zisimwelekee mtu, na usimpapase mtoto kichwani hata akikuchekea vipi. Salamu ni viganja viwili kuunganishwa mbele ya kifua. Kwa wazee, pandisha kidogo.

Prahok, samaki waliochachushwa kwa chumvi, hutaikwepa. Harufu yake si mchezo! Lakini mla ng'onda kama sisi huzoea upesi. Kama huli nguruwe, sema mapema. Wacham ni Waislamu wa hukohuko, kwa hiyo ombi lako si geni.

Mkononi beba matunda, si peremende za kugawia watoto. Malipo elewaneni kabla, na dola ziwe safi: noti iliyochanika hata kidogo mara nyingi hukataliwa.