Ruzuku ya minara: kwetu Newala mnara unawaka, intaneti haifunguki

Mkuu, umeuliza kama kuna haja ya Serikali kuendelea kuzipa kampuni za simu ruzuku, wakati kijijini kwenu Nachingwea mnara umesimama na WhatsApp haitumi hata picha. Nakujibu kwa niliyoyaona. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha korosho huku Newala, msimu wa 6 sasa, na mnara wetu nao ni wa ruzuku.

Haja ipo. Kabla ya mnara tulikuwa na mkorosho mmoja kwenye mwinuko, ndiko kijiji kizima kilikopigia simu. Mjamzito akizidiwa usiku, mtu anakimbilia kwanza mkorosho ndipo bodaboda ipatikane. Kampuni inayopiga hesabu ya faida isingekuja kwetu: nyumba zimetawanyika, na hela tunaishika msimu wa korosho tu. Ndiyo maana sheria ya mwaka 2006 ilianzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ndio unaotoa ruzuku hizi, upeleke huduma mahali ambapo biashara peke yake haifiki. Mei 2023 pale Dodoma ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Hilo nalishangilia mpaka leo.

Kinachoniuma ni yanayofuata mnara ukishawashwa. Siku ya kuuwasha kwetu walikuja watu wengi na magari. Tangu hapo sijamwona mtu aliyekuja kupima kama intaneti inafanya kazi.

Msimu mmoja, mnada umeshapita, ilibidi nitume orodha ya malipo ili wakulima waingiziwe hela benki. Simu inaonyesha vijiti vyote, faili linazunguka tu. Wiki ile nilipanda bodaboda kwenda Newala mjini mara 3, shilingi 12,000 kila safari, kwenda kutuma faili moja. Wazee wamekaa ghalani wananisubiri. Babu mmoja akaniuliza mbele za watu, "Mjukuu wangu, hela zetu umezipeleka wapi?" Sikuwa na la kumjibu. Nani angeniamini kwamba kosa ni la intaneti, na mnara wote wanauona pale?

Baadaye fundi mmoja wa minara alinieleza, na ningependa kila mtu wa kusini alielewe hili. Vile vijiti vinaonyesha mawasiliano kati ya simu yako na mnara tu. Mnara nao unahitaji njia ya kutoka kijijini, na vijijini njia hiyo mara nyingi ni mawimbi yanayorushwa kutoka mnara hadi mnara mpaka ulipo mkongo, yaani waya mkuu wa intaneti. Sisi wa uwanda wa Makonde tusingehitaji hata kuelezwa: koki iko kijijini, maji yako bondeni Mitema. Pampu ikizimika, koki yako hata iwe ya dhahabu haitoi tone.

Kwa hiyo pima kabla hujalalamika. Jaribu saa 11 alfajiri, kisha saa 2 usiku, wiki nzima, na uandike kwenye daftari. Ikiwa alfajiri inakwenda vizuri na usiku inakufa, watu ni wengi kuliko uwezo uliowekwa. Vijiti vikiwa vimejaa na intaneti haiendi saa zote, shaka kubwa iende kwenye ile njia ya kutoka. Na vijiti vyenyewe vikipotea usiku au baada ya siku za mawingu, uliza habari za betri na sola.

Daftari hilo ndilo lililotusaidia. Nilipiga 100, namba ya huduma kwa wateja, mara nyingi nikijibiwa nizime simu niwashe. Tulipoandika barua yenye tarehe, saa na muhuri wa serikali ya kijiji, tukadai namba ya malalamiko, fundi alikuja. Kampuni ikikaa kimya, peleka barua na namba hiyo TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano. Wao hutaka uwe umeanza kwa mtoa huduma.

Sasa kuhusu ruzuku yenyewe. Nataka sehemu ya hela ishikwe, ilipwe kidogo kidogo kadiri intaneti inavyopimwa na kuonekana inafanya kazi, tena ipimwe jioni, watu wakiwa wanaitumia. Marekani walijifunza hili kwa gharama. Mwaka 2015 walizipa kampuni kubwa za simu karibu dola bilioni 1.5 kwa mwaka zipeleke intaneti vijijini, kwa masharti ya kasi ya megabiti 10 tu kwa sekunde, na mwaka huohuo mamlaka yao ya mawasiliano ilishasema chini ya 25 haistahili kuitwa intaneti ya kasi. Mwaka 2018 wakaweka kanuni: kampuni inayopokea ruzuku lazima ipime kasi majumbani kwa wateja, na ikishindwa, sehemu ya malipo yake inazuiwa. Sisi tunaweza kuanzia hapo bila kupitia hasara ile.

Kwetu hali ya sasa ni hii: alfajiri faili la malipo linakwenda, kuanzia saa 1 jioni haliendi. Barua ya pili tunaiandaa. Anza daftari lako leo, mkuu, uweke vipimo vyako hapa na jina la kata, nami nitaweka vyetu, viende pamoja kabla minada ya Oktoba haijafunguliwa.