Mashine ya vumbi inanguruma ila haivuti: mimi nilimlaumu kijana bure

Wiki iliyopita fundi mmoja wa Morogoro alinitumia ujumbe wa sauti. Karibu wote ni mngurumo wa mashine yake ya kuvuta vumbi, kisha mwishoni anasema: "Kaka, umesikia mwenyewe. Mota nzima, lakini maranda yanalala chini ya randa kama sijawasha kitu." Nilicheka, halafu nikanyamaza. Mngurumo ule naujua, ulinipotezea kijana wangu bora.

Karakana yangu iko Keko, Dar es Salaam. Tulianza na ufagio na kitambaa puani kama wengine wote. Nilipopata kazi ya vitanda vya hosteli nikanunua mashine ya kuvuta vumbi ya nguvu ya farasi 3, umeme wa njia tatu (ule unaokuja kwa nyaya tatu za moto), mfuko wa kitambaa juu na wa nailoni chini. Sisemi kwa kujisifu (haya, kidogo), lakini mafundi wa jirani walikuwa wanakuja kuitazama inavyomeza maranda ya mninga.

Tukaihamishia pembeni kupata nafasi, fundi umeme akaja kurefusha waya. Tangu siku hiyo ikawa inavuta kivivu.

Mimi nikajua ni mfuko. Tulikuwa tunakata MDF nyingi ya makabati (zile mbao za kiwandani za nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi), na vumbi lake ni laini kama unga, linaziba matundu ya kitambaa. Hewa ikikosa pa kutokea, haiingii nyingine. Tukautoa mfuko nje tukaukung'uta mpaka mama ntilie wa ng'ambo akaja juu, vumbi limetua kwenye wali wake. Ikapata nafuu kidogo, basi nikaona nimepatia. Baada ya siku mbili, yaleyale. Nikafungua bomba, nikakuta kipande cha ubao kimekwama mdomoni pa feni, kimeshikilia maranda kama kiota cha ndege. Nikatoa. Nikazungushia viungo vyote utepe wa gundi wa karatasi. Nikanunua mfuko mpya, pesa ya watoto ile.

Kijana akaniambia, "Bosi, sauti yake imebadilika tangu fundi umeme aondoke." Nikamjibu mbele ya mteja: "Umeshika randa juzi, leo unanifundisha mashine?" Nikaongezea kwamba yeye ndiye anayeacha wazi vilango vya kufungia mabomba yasiyotumika. Jumamosi akachukua chake, akaweka patasi zake kwenye kiroba, akaaga wenzake. Mimi hakuniaga.

Baadaye alikuja fundi umeme mwingine kwa ajili ya msumeno wa meza. Akaizima mashine ya vumbi, akachungulia feni ndogo ya nyuma ya mota ikiwa inapunguza mwendo, akatazama mshale uliochongwa kwenye bodi ya mashine kuonyesha upande wa kuzunguka. "Mzee, hii inazunguka kinyume." Akazibadilisha nafasi nyaya mbili kati ya tatu, zile alizozipishanisha fundi wa kwanza, akawasha. Maranda yakaruka.

Hapo ndipo wengi tunapodanganyika. Feni ya aina hii ikizunguka kinyume haipulizi kinyume. Inaendelea kuvuta upande uleule, ila kwa unyonge, na mota inanguruma kama kawaida. Utalaumu mfuko, utalaumu bomba, utalaumu mtoto wa watu.

Kwa hiyo ndugu yangu, kama una umeme wa njia tatu na kuna mtu amegusa waya, anza na mshale. Kazi ya waya mwachie fundi umeme. Kisha mfuko. Kisha chomoa bomba kwenye mashine, usikie mvuto pale mdomoni kwa kuning'iniza kipande cha karatasi, mkono ukae mbali: ukiwa mkali hapo, ugonjwa uko kwenye bomba. Halafu mfuko tena, maana najua hukuukung'uta vizuri.

Na usiniambie vumbi si kitu, umelizoea. IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, liliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani mwaka 1995. Tunawavutisha vijana wetu kitu hicho kutwa, halafu wakifungua mdomo kutuambia mashine ina shida tunawafokea. Ujuzi wa miaka ishirini unaziba masikio kuliko MDF inavyoziba mfuko.

Yule wa Morogoro nilimwambia kwa uhakika kabisa: nyaya. Jana kanitumia picha. Mshale uko sawa, mota inaufuata. Ila bomba lake la inchi 4 amelipunguza kwa redyusa (kiungo cha kuunga bomba pana na jembamba) hadi inchi 2, kwa kuwa ndilo lililokuwepo dukani. Njia ya hewa imebaki robo. Nimemwambia alitoe, sijamwambia nilivyoona aibu.

Kijana wangu sasa ana karakana yake Chanika. Nilimpigia Ijumaa. Alipokea, akaniita "mzee" badala ya "bosi", tukaongea bei ya mninga.