Kiwanja cha kijijini Ufilipino: jina la nani liingie kwenye hati?

SWALI: Mimi ni Mkenya na ninafanya kazi Doha. Mke wangu ni Mfilipino, na mjomba wake anatuuzia kiwanja cha mita za mraba 600 kijijini kwao Bohol. Karatasi aliyotuonyesha ni tamko la kodi ya ardhi lenye jina la babu yao, ambaye ni marehemu. Nikilipa, je, nitaandikwa mmiliki pamoja na mke wangu?

JIBU: Ndugu msomaji, jina lako haliwezi kuingia kama mmiliki, hata ikiwa kila senti imetoka mfukoni mwako. Ibara ya 12 ya Katiba ya Ufilipino ya 1987 inazuia ardhi binafsi kumilikishwa mtu asiye raia, isipokuwa aipate kwa urithi wa kisheria. Hati itakuwa ya mke wako, na hata msajili akiandika kwamba ameolewa na wewe, maneno hayo yanaeleza hali yake ya ndoa tu na hayakupi sehemu ya ardhi.

Nakusihi ulipime jambo hili kabla ya kutuma fedha. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya Ufilipino ilikataa kumrudishia Mjerumani mmoja, aliyetengana na mkewe, fedha alizonunulia ardhi Antipolo, kwa kuwa alijua tangu mwanzo kwamba sheria inamkataza. Mwaka 2009 Mwingereza mmoja alishindwa alipotaka kubatilisha mkataba ambao mkewe alikipangisha kiwanja cha Boracay, ingawa alidai kilinunuliwa kwa fedha zake. Kwa hiyo lipa ukiwa umeridhika moyoni kwamba ardhi ni ya mke wako. Mkeo akitangulia mbele ya haki, unaweza kurithi fungu lako kama mume. Jengo nalo halimo katika katazo hilo, hivyo kibali cha ujenzi na risiti za saruji na mabati ni vyema vibebe jina lako.

Karatasi ya mjomba ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Isome hadi chini: kwa kawaida pameandikwa kwamba imetolewa kwa ajili ya kodi pekee na isichukuliwe kuwa hati miliki. Mipaka nayo mara nyingi hutajwa kwa majina ya majirani, kaskazini fulani, mashariki fulani, na baadhi yao huenda walikwisha kufa. Mke wako, au mtu aliyempa uwakilishi wa kisheria kupitia ubalozi wao, aende kwa Msajili wa Hati huko Tagbilaran aulize kama kiwanja kina hati iliyosajiliwa. Ikiwapo, achukue nakala iliyothibitishwa na asome kurasa zote, maana rehani na madai ya watu wengine huandikwa kwenye sehemu ya kumbukumbu, mara nyingi nyuma ya karatasi. Ikiwa ni ardhi iliyogawiwa wakulima chini ya sheria ya mageuzi ya ardhi ya 1988, ina masharti yake, likiwemo katazo la kuuzwa kwa miaka 10.

Kwa kuwa babu amefariki, mjomba anaweza kuuza fungu lake tu. Warithi wote, pamoja na wale walio ughaibuni, watie saini mgawanyo wa mirathi mbele ya mthibitishaji, kisha utangazwe gazetini mara moja kwa wiki kwa wiki tatu mfululizo. Mrithi mmoja aliyesahaulika anaweza kuja na madai wakati nyumba imekwisha kuezekwa.

Kama hakuna hati kabisa, sheria ya 2010 inawawezesha wanaokalia ardhi ya makazi ya umma kwa miaka isiyopungua 10 kuomba hati bila mahakama. Waombe wao kwanza, ninyi mlipe baadaye, na mipaka ipimwe upya na mpima ardhi mwenye leseni.

Gharama: kodi ya faida ya mtaji ni asilimia 6, kwa desturi hulipwa na muuzaji, lakini vijijini wengi hutaka bei mkononi na kumwachia mnunuzi kodi zote. Ushuru wa stempu ni asilimia 1.5. Elewaneni kwa maandishi nani analipa nini, na fedha nyingi zibaki kwenu hadi mamlaka ya kodi itoe cheti kinachomruhusu msajili kuhamisha hati.